Kikombe Kimoja, Vifua Viwili

Mashine yangu inaingia kwenye begi la mgongoni. Inatumia betri, inavumilia vumbi na joto la Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, kuliko mimi, na ukiipa makohozi ya mtu inatafuta humo vinasaba vya kijidudu cha kifua kikuu. Baada ya saa moja inakwambia kama kipo. Ikipita saa nyingine inakwambia kama dawa za kawaida zinakiweza. Zamani sampuli zilisafirishwa mbali, na majibu yakirudi mgonjwa ameshahama na mbuzi wake. Kwa hiyo niliringa na mashine hiyo. Nilizoea kuwaambia wagonjwa wasiogope, kana kwamba woga ni shati la kuvua.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akiishi Lodwar, kule Nawoitorong, na mama yangu, kwa kuwa kazi ilinifunga Kakuma. Kikohozi chake kilipoingia wiki ya tatu, Jumapili niliwatembelea nikamwachia mama kikombe cha sampuli. Nikamweleza: kesho mtoto akiamka, kabla ya chai, akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua, atemee humu, kifuniko kifungwe. Jumatatu dereva wa kliniki akaniletea kikombe kwenye kiboksi cha barafu. Mwenzangu alitaka kukipima yeye. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi ni mbishi.

Saa ya kwanza ilipoisha, mashine iliandika: kimepatikana.

Jibu hilo nimewapa watu wengi, tena kwa sauti ya upole niliyofundishwa. Siku hiyo nilikaa chini sakafuni. Mama mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa kwenye foleni aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni joto tu. Saa ya pili niliikodolea macho mashine kama ng'ombe anayetazama kisima kilichokauka. Nilikuwa nimeshamwona mtoto wangu amekonda, nimeshaona hata nguo atakayozikwa nayo, na nilijichukia kwa kuiona.

Jibu la pili: sugu. Dawa za kawaida haziwezi.

Nilimpigia mama simu.

"Mama, mtoto alikohoa vizuri?"

"Alikohoa sana. Na mimi nikambariki."

Kwetu mzee hubariki kwa mate. Mimi mwenyewe nimetemewa kichwani siku ya kwenda chuo. "Ulimbariki wapi?"

"Kwa kikombe. Nilitema kidogo tu. Mtoto anapelekwa kwa mashine, sasa aende bila baraka?"

Nilitaka kumfokea; badala yake nikamwambia mashine imekuta kifua kikuu sugu ndani ya kikombe. Mama amekohoa miaka na miaka, na sisi tumemtania kwamba ni tumbaku yake inayomdai. Ndani ya kikombe kile mlikuwa na watu wawili, na mmoja wao, au wote, alikuwa na ugonjwa unaoua. Maelekezo yangu yote, na sikuwa nimesema neno moja: usitie mate yako.

Kesho yake nilifika Lodwar na mashine na vikombe viwili vipya. Nilivaa barakoa mlangoni, na binti yangu akarudi nyuma hatua moja, akaniuliza kwa nini nimefunga uso. Kila mmoja akakoholea chake, nikavipima nje, kwenye upepo. Kimoja nilikiandika mtoto, kingine bibi. Mashine ina matundu mawili, kwa hiyo vilikwenda pamoja, na kwa saa nzima niliomba. Sikuomba wote wawe wazima. Niliogopa kuomba kikubwa nikanyimwa chote. Niliomba, kwa maneno kabisa, ikiwa lazima mmoja, basi awe mama.

Cha mtoto: hakikupatikana. Nikakipima tena kwa hofu, hakikupatikana.

Cha bibi kilipatikana.

Mama alikuwa ameketi pembeni, ameshika tumbaku yake bila kuitia mdomoni. Hajui kusoma, lakini alinisoma mimi.

"Ugonjwa ni wa nani?"

"Ni wako, mama."

Alivuta pumzi ndefu, akakohoa, kisha akageuza uso mwenyewe, mbali na mtoto, bila mimi kumwambia.

"Ejok noi," akasema. Vizuri sana. "Tangu jana naomba uwe wangu. Na wewe, uliomba nini?"

Nilimwambia niliomba nyote muwe wazima.