Walimpima binti yangu ubongo juu ya rasta

Wakuu, niaje. Haya sijasimuliwa na mtu, yamenipata mwenyewe, na bado nina hasira. Mnivumilie.

Binti yangu Wambui yuko Grade 4, shule moja hapa Muthangari, Nairobi. Huyo mtoto husoma hadi maandishi ya pakiti ya unga.

Shule ikatuambia kuna watafiti Spring Valley wanapima ubongo wa watoto wakisoma. Mtoto anavalishwa kofia yenye waya, anasoma hadithi kwenye screen, mashine inaonyesha kama ametulia na kama anaelewa. Nikakubali, tena kwa furaha.

Sasa, shule ndiyo ilikuwa imefunguliwa tu, na Wambui alikuwa ametoka kusukwa. Rasta nene, mpya. Wenye mabinti mnajua salon za town zinavyojaa watoto wakati huo.

Tulipofika kwa watafiti, kijana wa mashine akaibandika kofia juu ya rasta hivyo hivyo. Nikamuuliza kama hizo waya zitafika kwenye ngozi ya kichwa.

"Usijali mzee, hii kitu ni sensitive sana."

Haya basi.

Majibu yakaenda shuleni kabla ya kunifikia mimi. Mwalimu akaniita: Wambui hatulii, na anachosoma haelewi. Tayari walikuwa wamemhamishia kwa wanaosoma polepole. Na sababu wakamwambia mtoto mwenyewe! Nani hufanya hivyo?

Akaacha vitabu kabisa. Nikimwambia asome, ananijibu, "Daddy, si walisema brain yangu haishiki?"

Niliwaka, wakuu. Nikaenda Spring Valley moja kwa moja. Mkuu wa utafiti, mama mmoja mpole, akafungua rekodi, akaangalia weee.

"Hapa hakuna signal. Waya hazikugusa kichwa. Hii ilifaa itupwe. Pole sana, baba Wambui."

"Pole usinipee mimi. Mpee mwenyewe."

Akampigia simu nyumbani kwa loudspeaker nikiwa hapo, akamweleza kosa ni lao. Wambui akasikiliza, kisha akauliza, "Kwa hivyo nilikuwa naelewa?"

Yule mama akasema hilo hajui. Mashine yake haikuwa imepima chochote, angesema nini kingine?

Amerudishwa darasani kwake. Vitabu bado hagusi.

Nilichojifunza: kabla mtu hajamvalisha mtoto wako mashine, mwambie akuonyeshe inagusa wapi. Na majibu yaanzie kwako, si kwa mwalimu.

Kama wako naye alipimwa akaambiwa haelewi, hebu sema hapa chini: siku hiyo alikuwa amesukwa?