Hakuna Ni ya Chumvi

Wiki iliyopita nilirudi Kirumba kuifungua nyumba ya bibi, ambaye tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia. Kabla sijapata hata pa kuweka mkoba, jirani akachungulia kuuliza kama kwangu kuna umeme. Nikajibu, "Hakuna," kisha nikageuka haraka kutazama jikoni, kama vile nitakaripiwa.

Sijui kwenu, rafiki yangu, lakini kwetu "hakuna" lilikuwa neno la chumvi, mkaa na mafuta ya taa. La mtu halikuwa. Baba yangu alivuka ziwa kwenda Sengerema kununua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, asirudi. Siku moja mtu alikuja kumuulizia, nikasema hakuna. Bibi alitoka mbio na mwiko wa ugali mkononi.

"Hakuna ni ya chumvi! Mtu hayupo. Ludia!"

Narudia: hayupo. Nikisema "hayuko", ananiuliza nimemtafuta wapi na wapi. Jamani! Kiti kilikuwa kitupu, sarufi ya nini?

Kila jioni alimwekea baba ugali na dagaa, akafunika kwa sahani nyingine. Asubuhi nililishwa mimi, ugali umekauka kingo. Niliuchukia. Shuleni ndiko kulikuwa balaa zaidi.

"Wewe una baba?" mwalimu aliuliza.

"Hayupo."

"Sijauliza kama yupo. Unaye?"

"Ninaye. Hayupo."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikamkasirikia bibi kuliko mwalimu. Nilitaka jibu lenye mwisho, kama wenzangu waliokuwa na kaburi la kuonyesha.

Basi siku hiyo hiyo ya kurudi kwangu, mchana, akapiga hodi mama mmoja mzee kutoka ng'ambo, aliyezoea kumletea bibi michembe. Nikamwamkia shikamoo.

"Malahaba. Bibi yako yupo?"

Mdomo ukajibu wenyewe, ulivyofundishwa: "Hayupo."

"Haya, ntamsubili." Akavuta kigoda, akavua kandambili, akakaa.

Niliudhika hadi machozi yakanitoka. Maneno ninayo, hata ya matangazo ya vifo ninayo: amefariki, hatunaye tena. Badala yake nikaenda kuwasha mkaa nimchemshie chai, na huko ndiko nilikomwelewa bibi, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Lile neno la chumvi ukishalisema kwa mtu, wanaosubiri huvaa viatu wakaondoka.