Shemeji Aliyekataa Sindano

Juma lililopita, kwenye foleni ya chanjo ya surua hapa Kalemie, mama mmoja alileta watoto wa shemeji yake, waliokimbia vita kijijini Bendera na sasa wanalala kwake. Binti yake mwenyewe alimwacha nyumbani. Baba wa wale watoto akatokea, akamshika mkono.

"Wa kwako umemuficha, wa kwangu njo wachomwe?"

"Shemeji, mutoto wangu alipandikizwa uboho wa mifupa kule India. Kinga ya chanjo za utoto ilipotea yote. Hii ya surua iko na kidudu kilicho hai, kilichopunguzwa nguvu. Daktari anasema mwili wake bado hauwezi kukipokea. Tuwachanje wanaolala naye, wasimuletee ugonjwa."

"Kama ni mbaya kwake, ni mbaya kwa wangu."

Muuguzi alimweleza taratibu kwamba watoto wenye afya haiwadhuru. Baba hakumtazama hata usoni, akawavuta watoto wake wakaondoka.

 Jioni ile mama akamhamishia binti yake kwa dada yake, mbali na watoto wale wasiochanjwa.

Wananiambia kila mzazi ana haki ya kuwaamulia watoto wake. Sawa. Ila nielezeni, kwa nini aliyehama ni mtoto wa mwenye nyumba?