Pweza wa Jego

Msambweni nzima inamjua Bi Mwanapili kwa kazi moja, na kazi hiyo haina kibao wala ofisi. Barua ya posa ikifika nyumbani kwa watu, wenye binti huomba siku kadhaa ili waulizie habari za mchumba, na anayetumwa kuulizia ni yeye. Zamani alikuwa mlinzi wa hoteli Diani, akipekua mikoba ya wanawake langoni. Miaka kumi na miwili ya mikoba ilimfundisha kwamba mtu akichangamka kupita kiasi, ana kitu ndani. Hoteli ilipofungwa akaendelea kupekua, ila sasa alipekua wanaume.

Ujira wake ni doti ya leso siku ya harusi. Sanduku lake limejaa, na hajawahi kurudisha habari ya uongo kwa aliyemtuma. Hilo ndilo analojivunia, na ndilo lililomtia mashakani mwezi uliopita.

Barua ilitoka Jego, kijiji cha kusini, kwao Matano, fundi wa mashine za boti anayefanya kazi Diani. Alimposa Biasha, binti wa pili wa Bi Zainabu, mjane anayeheshimika sana mtaani. Bi Zainabu aliomba siku kumi, akamwita Mwanapili, akamtaka amtazamie jambo moja tu: kijana huyo ana mwanamke au hana. Hakuhitaji kueleza sababu. Binti yake wa kwanza, Husna, alijichagulia mume mwenyewe, akakataa kabisa habari za bwana huyo ziulizwe, na mwaka haukwisha akagundua kwamba bwana ana mke na watoto Mombasa. Alirudi kwa mamake na mtoto mgongoni. Tangu hapo Bi Zainabu aliapa kwamba mume wa kuokotwa njiani hataingia tena nyumbani kwake.

Mwanapili alianzia Jego, akakaa siku tatu. Majirani walimwambia Matano hakosi swala, hatafuni majani ya muguka, na akija kwao Jumamosi humtekea mamake maji bila kuambiwa. Walimsifu mpaka Mwanapili akaingiwa na wasiwasi. Akaenda Diani, akamfuata siku baada ya siku, asione kitu. Siku ya tisa, Alhamisi, akamwona anatoka kazini saa saba mchana, amenawa grisi mikononi, amechana nywele, na ana kikapu. Fundi wa mashine hachani nywele mchana bure, alijiambia, na akamwandama hadi Ukunda.

Kijana aliingia kibanda cha viazi karai. Kwenye meza ya nyuma alingojewa na mwanamke aliyevaa ninja, macho tu nje. Alimkabidhi kikapu kwa mikono miwili, wakaketi, wakaanza kucheka kabla hata ya kuagiza. Mwanapili, kutoka kibanda cha jirani, aliumwa na roho. Alimfikiria Biasha, msichana aliyemmiminia chai kwa adabu siku alipoitwa, na akaanza kupanga namna ya kumpa mamake habari hii mbaya.

Lakini viazi karai haviliki kwa ninja. Vilipoletwa, yule mwanamke alifunua uso ili ale, na alikuwa Biasha mwenyewe.

Mwanapili alisahau ujuzi wake wote wa kujificha. Alikwenda akavuta kiti akaketi kati yao, na Biasha akamwamkia shikamoo na kiazi mdomoni. Matano akasimama, akamwagizia mgeni sahani. Mwanapili akala, maana njaa haina uchunguzi. Ndipo wakamweleza yote. Walijuana tangu mwaka uliopita, cherehani ilipoharibika hapo Ukunda Biasha anapojifunza kushona, na fundi wa boti akaombwa aijaribu. Tangu hapo walikutana kila Alhamisi, hapo hapo mbele za watu, na barua ikaandikwa kana kwamba kijana amesikia tu sifa za nyumba ile. Mama akijua binti alijichagulia kama Husna, barua itarudishwa.

"Mimi sisemi uongo," Mwanapili alisema.

"Hatukuombi uongo, Bi Mwanapili," Biasha akajibu, na machozi yakamtoka. "Twakuomba unyamaze tu."

Njia nzima ya kurudi Msambweni Mwanapili alimkumbuka Bi Maimuna wa Tiwi. Yeye Mwanapili alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amesimama na Swabir, kijana aliyempenda, nyuma ya duka la nazi, ndipo Bi Maimuna akatokea na beseni lake la mandazi. Angeweza kuupasha mji mzima habari kabla mandazi hayajapoa. Alimtazama Swabir tu, akamwambia, "Mwanangu, nyumba yao ina mlango wa mbele," akaenda zake. Siku kumi baadaye posa ikaja. Mwanapili aliishi na Swabir miaka ishirini na mitatu ya raha, mpaka Mungu alipomchukua, na miaka yote hiyo aliijenga juu ya ulimi wa mwanamke mmoja aliyenyamaza. Sasa zamu ilikuwa yake, na Bi Zainabu alikuwa amemwamini.

Ijumaa baada ya alasiri alimkuta Bi Zainabu akichagua mchele ukumbini. Alimweleza ya swala, ya muguka, ya maji ya mamake.

"Na mwanamke?"

Mwanapili alivuta pumzi. "Yupo. Nimewaona Ukunda kwa macho yangu. Ni Biasha. Wamekutana mwaka mzima, mbele za watu, kwa heshima. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi niliyekula viazi vyao, lakini nakuomba usiirudishe barua."

Bi Zainabu aliokota kijiwe kimoja, akakitupa.

"Huyo namjua," alisema. "Mimi nimekuuliza kama yuko mwingine."

Mama mtu akaeleza, bila kuuacha mchele wake, kwamba mwaka mzima Biasha amekuwa akirudi kila Alhamisi na pweza mkavu, akidai ni wa sokoni. Pweza aliyepondwa namna ile, laini hata kwa mwenye meno yake matano, huandaliwa kusini huko Jego, si soko la Msambweni, na barua nayo ikatoka Jego hiyo hiyo.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Husna alinificha mtu mpaka akatumbukia. Huyu kanificha, lakini mtu wake kaja na barua, kakubali kuulizwa. Basi, yuko mwingine?"

"Hayuko, Bi Zainabu. Siku tisa nimemchunguza. Hayuko."

Hapo ndipo mchele ulipowekwa chini. Bi Zainabu alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasema alhamdulillahi mara tatu, akamshika Mwanapili mkono na hakuuachia mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya harusi Mwanapili hakuitia doti yake sandukuni. Aliipeleka Tiwi kwa Bi Maimuna, ambaye sasa ni mkongwe hatoki kitandani, akampigia magoti, akamshukuru kwa siku ile ya nyuma ya duka la nazi. Bibi aliipapasa leso, akaipenda.

"Asante, mwanangu," alisema. "Lakini duka gani hilo? Mimi sikuona mtu."