Beseni la Mama Kanku

Mama Kanku ni jirani yangu hapa katika mtaa wa Dilala. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na Mama Kanku bado anakaa katika nyumba ileile ya kampuni. Kwa miaka mingi watoto wa mtaa wetu, wakitoka shule, walipitia barazani kwake. Aliwasomesha, kisha akawafundisha kufuma sweta. Mlangoni aliweka beseni la maji. Kabla mtoto hajaingia, alimkagua kucha. Udongo wa kijani wa shaba ulimwambia kwamba mtoto amepitia mtoni kuosha madini.

"We Jeancy! Hii mikono ni ya masomo ao ya mugodi?"

"Ya masomo, mama. Niliteleza tu."

"Uliteleza na mikono yote mbili?"

Sote tuliokuwa barazani tulicheka. Lakini Jeancy aliacha kwenda mtoni.

Halafu kampuni moja ikajenga kituo cha watoto: rangi mpya, kompyuta, uwanja wa mpira. Msimamizi wake, Louis, alikuja kumwambia, "Mama, pumuzika sasa. Batoto batakuya kwetu." Mama Kanku alifurahi. Akawapa hata benchi zake, baraza likabaki tupu.

Wiki ya kwanza kituo kilijaa. Baadaye kikafungwa kwa kufuli.

"Tata Louis, kwa nini hamufungue?" Mama Kanku akamuuliza, akimwita baba kwa heshima.

"Mama, batoto bataharibu kompyuta."

Kompyuta zikalindwa, watoto wakarudi mtoni! Kila nikipita pale nilikaza meno.

Siku moja wageni wa kampuni walikuja. Kufuli likatolewa, watoto wakavishwa fulana nyeupe, wakapangwa kuimba kwenye sherehe. Mama Kanku akaingia na beseni lake la maji kichwani.

"Mama, unatuharibia feti," Louis akamnong'oneza.

"Feti ya nani?"

Akamshika Jeancy, akamnawisha mbele ya wageni. Maji yakawa ya kijani.

"Muulizeni jana alikuwa wapi."

"Ku mto," Jeancy akasema, macho chini. "Huku banafungaka na kufuli."

Mgeni mmoja alimtazama Louis. Louis akasema watoto wa hapa ni wagumu, hawasikii. Wagumu! Mtoto aliyenyanyua mchanga tangu saa ya kutoka shule!

"Basi unipe funguo," Mama Kanku akasema.

Louis akatia funguo mfukoni.

"Ao unirudishie benchi zangu."

Hakungoja jibu. Akainama, akashika benchi upande mmoja. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nikashika upande wa pili. Watoto wakabeba zilizobaki, fulana zao mpya zikichafuka, tukatoka wote.

Barazani, kabla hawajakaa, Mama Kanku aliwapanga tena mlangoni, penye beseni. Jeancy alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono.