Mama Mkwe Haingii Chumbani kwa Mkwewe

Salamu kwako Admin, na kwa wote mnaofuatilia ukurasa huu. Naomba jina langu libaki kwako, kwa kuwa Musoma ni mji mdogo na jambo ninaloeleza bado lipo mahakamani. Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa shahada ya sheria, na kwa sasa ninajifunza kazi katika ofisi ya wakili mmoja hapa mtaa wa Mukendo. Ndoto yangu ni kuwa hakimu, wala sijawahi kuificha. Sikutarajia kwamba shauri la kwanza kuninyima usingizi lingetoka nyumbani kwetu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa akinunua samaki Kisorya na kuuza Bunda. Mwaka jana polisi walipekua nyumba yao ya Manyamanyama, hapo hapo Bunda, wakatoka na mfuko wa bangi. Mahakama ikamtia hatiani na kumfunga kwa makosa mawili: kupatikana na bangi hiyo, na kufadhili usafirishaji wake. Kosa la pili liliegemea pesa aliyomtumia kwa simu dereva wa bodaboda aliyedaiwa kuibeba. Yeye alisema ilikuwa nauli ya samaki. Hakimu akasema kwamba, kwa kuwa mfuko ulikutwa chini ya kitanda chake, maelezo hayo hayaaminiki. Kwa hiyo makosa yote mawili yalisimama juu ya mfuko ule, na mfuko ule ulisimama juu ya shahidi mmoja wa kiraia aliyeshuhudia upekuzi. Shahidi huyo ni mama yangu mzazi.

Mama alikuwa ametoka kijijini kwetu, Butiama, kuja kumhudumia dada aliyekuwa amejifungua. Mahakamani aliulizwa kama aliiona bangi iliyotolewa chumbani kwa mshtakiwa. Akajibu, "Niliona." Shemeji, ambaye hakuwa na wakili, alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi, aliinamisha kichwa: "Sina, mheshimiwa. Huyu ni mama mkwe wangu." Hukumu ikasema kwamba asiyemhoji shahidi amekubali alichokisema.

Wakili wa ofisi yetu alipokubali kusimamia rufaa, alinipa mwenendo wa kesi niusome. Nilipofika kwenye ushahidi wa mama, nilisita. Kwetu, mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwewe, hata nyumba ikiungua. Nilipanda gari hadi kijijini, nikamkuta akipepeta mtama.

"Mama, siku ile ya polisi ulisimama wapi?"

"Uani. Ulitaka nisimame wapi?"

"Kwa hiyo hukuwaona wakiutoa ule mfuko chini ya kitanda?"

"Waliniita, 'Mama, ingia uone.' Nikawaambia mimi siingii humo. Tangu lini mama mkwe anaingiaga chumba cha mkwewe? Wakatoka nao, wakaufungua mbele yangu, nikaona majani. Wakasema niweke dole gumba kwenye karatasi yao, nikaweka."

"Lakini mahakamani ulisema uliona."

"Si niliona? Kwani kuna mtu aliniuliza nilikuwa wapi?"

Nilimweleza wakili. Aliweka kalamu chini. "Kijana, hapo ndipo rufaa ilipo," alisema. Anataka mama ale kiapo kwamba hakuingia chumbani, kisha tuiombe Mahakama Kuu ipokee ushahidi huo mpya. Hata hivyo hakunificha hatari yake: upande wa mashtaka unaweza kumgeukia mama na kumshtaki kwamba mara ya kwanza alisema uongo chini ya kiapo.

Dada aliposikia, alinipigia simu huku mtoto akilia. "Hakimu mtarajiwa! Haki unazisomea za watu wengine tu? Ufunguo mnao mfukoni, wewe na mama yako, na mume wangu anaozea ndani."

"Ni mama yako pia, dada."

"Najua! Ndiyo maana nalia."

Nilikwenda gerezani nikiamini kwamba shemeji angefurahi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Shemeji, achana na mama. Bora nimalize kifungo changu kuliko kumvua nguo mama mkwe mbele za watu." Nikamuuliza swali ambalo hakuna yeyote nyumbani aliyewahi kumuuliza: bangi ile ilikuwa yake? Akajibu kwa swali: "Hilo ndilo lililokuleta?" Akanyanyuka, askari akamrudisha ndani.

Basi sijui, ndugu zangu. Sijui kama nampigania mtu asiye na hatia, au kama nitampeleka mama kizimbani ili mwenye hatia atoke. Ninachojua ni kwamba aliyefungwa kwa ushahidi wa jambo ambalo shahidi hakuliona amefungwa isivyo halali. Chuoni ningelijibu swali hili kwa ukurasa mmoja na kupata alama zote. Nikinyamaza, ninaificha kweli mahakama ninayotamani kuitumikia. Nikisema, ninayemtia hatarini ni mwanamke aliyeponzwa na heshima yake mwenyewe.

Rufaa inasikilizwa wiki ijayo. Jana mama alikuja mjini bila kuitwa, akaketi kitandani kwangu akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. "Mimi sijasoma," alisema. "Msomi ni wewe. Ukisema nile hicho kiapo, nitakula. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Sitakulaumu."

Amelala chumba cha pili ninapoandika haya, na asubuhi atataka jibu. Wenye wazazi, wenye ndugu gerezani, na ninyi mnaoijua sheria kunizidi: nimwambie nini mama yangu?