Baruti Iliyochelewa Juu ya Runingu

Siku yangu ya kwanza kazini, kapita, mnyapara wetu, alinipa baramine, kile chuma kirefu cha kutobolea mwamba, akanionyesha namna ya kukizungusha baada ya kila pigo la nyundo. "Usipokizungusha kitanasa," alisema. "Na ukiwaza mambo ya nyumbani, mwenzako atakuponda mkono." Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana wa Nyakabere, upande wa Uvira, niliyezoea jembe. Tulikuwa tunapasua mlima juu ya kijiji cha Runingu ili barabara ipande kuelekea Rurambo, kwa wafugaji wa milimani.

Mashimo yakiwa tayari, konduktere, yaani Mzungu aliyesimamia shantye, ile kazi yote ya ujenzi, alitia baruti na utambi, akashindilia udongo juu yake. Kisha filimbi. Tulijificha nyuma ya mwamba tukihesabu milipuko. Ikipungua mmoja, tulijua: shimo limekataa, baruti yake haijalipuka, na lazima mtu aende kulitazama.

Aliyekuwa akienda kabla yangu alirudishwa kwao bila macho. Kapita akanichagua mimi kwa kuwa sikuwa na mke. Watu hudhani mtu huzoea. Mimi sikuzoea. Kila nilipotumwa, harufu ya baruti ilinifuata hadi kwenye ugali.

Asubuhi moja shimo lilikataa. Tulingoja kidogo, konduktere akatazama saa. "Inatosha. Nenda."

Penye kona, njia ya ng'ombe ilipokutana na barabara yetu, nilimkuta mama mmoja ameketi, ametua kapu lenye vibuyu vya maziwa. Alikuwa anatoka Rurambo. Hakuna aliyekuwa amemzuia.

"Mwanangu, unisaidie kujitwika."

"Mama, niko na haraka. Bwana ananingoja."

"Na minye wananingoja sokoni. Weye uko na mikono miwili, kwa nini unapita?"

Kwetu mtu hampiti mama mwenye mzigo chini. Niliinama. Kapu lilikuwa limefika usawa wa vifua vyetu shimo lilipolipuka.

Mawe yalimiminika pale ambapo ningekuwa nimesimama. Kapu lilianguka, maziwa yakatiririka miguuni petu. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Ulikuwa unaenda kule?"

Niliinamisha kichwa.

"Nani alikutuma?"

"Ni kazi, Mama."

"Kazi?" Aliuachia mkono wangu. "Mama yako anajua?"

Akaokota vibuyu vilivyosalia, akateremka. Konduktere alikuja mbio, akidhani nimekufa; nikamweleza habari za yule mama.

Kesho yake aliniita. Kabla hajasema lolote nilimwambia, "Bwana, shimo likikataa tena, siendi." Kuvunja mkataba kulikuwa kosa la jela.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, Bwana."

Kisha akauliza, "Yule mama alipitia wapi?" Nikamwonyesha ile njia ya ng'ombe. Akanipa kitambaa chekundu. "Kaa pale. Asipite muntu. Na shimo likikataa, tutalala, tutaliona kesho."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu: juu ya Runingu, kisha Uvira, kisha barabara ya kando ya ziwa, mpaka mimi mwenyewe nikawa kapita chini ya wakubwa weusi, baada ya uhuru. Madereva walinitukana: "Weye mwoga, tupishe!" Niliwaacha watukane. Katika shantye nilizolinda, hatukumzika mtu kwa baruti.

Nilipanda Rurambo kumtafuta yule mama. Waliniuliza jina lake; sikuwa nimemwuliza. Huko juu, mama wabeba maziwa ni wengi.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama ile hofu iliisha. Ngurumo zikipiga upande wa ziwa, hukaa chini popote nilipo, hata katikati ya njia. Mke wangu haniulizi kitu. Husimama kando yangu, akingoja mpaka niweze kuinuka.